Fundi wa kufuta maandishi ya ukutani, Tabata, Dar es Salaam: nyota nne, na ya tano najua ilikopotelea

Namba ya simu ya fundi huyu niliipata ukutani. Ukutani kwangu. Ilikuwa imepulizwa kwa rangi nyeusi kupitia karatasi ngumu iliyotobolewa herufi: FUNDI RANGI NA KUFUTA MAANDISHI, kisha namba, chini kidogo ya MAJITAKA BEI POA na ubavuni mwa mganga anayemrudisha mpenzi ndani ya siku 3. Nilisimama pale na fungu langu la mchicha mkononi nikacheka peke yangu, hadi vijana wa bodaboda wakauliza, "Ticha, kwema?" Nikaingia ndani nikampigia.

Nyumba yangu iko kona, pale njia ya vumbi inapoingia lami. Ukuta wa mbele una mita 22 kwa urefu, kimo mita mbili na ushee, tofali za saruji zilizopigwa plasta na rangi ya maji ya krimu. Daladala zinapunguza mwendo hapo kwa sababu ya shimo, kwa hiyo abiria ana sekunde kumi nzima za kusoma. Mwenye tangazo atataka nini tena? Nimefundisha kemia sekondari miaka 31, nimeandika ubaoni ujana wangu wote. Sikutegemea nikistaafu niwe ubao mimi.

Kulikuwa na kila kitu pale. Majitaka mara mbili, kampuni mbili tofauti, ya pili imeandika juu ya namba ya ya kwanza. Mganga. Mwenye kukopesha kwa dhamana ya kadi ya gari. Simba na Yanga wakijibizana. Chata za vijana, zile saini za kujikunjakunja ambazo mwenyewe ndiye anayeweza kuzisoma. Na moja, nakiri, niliiandika kwa mkono wangu mwaka juzi kwa brashi na rangi nyekundu: USIKOJOE HAPA FAINI 50,000. Faini sijawahi kumtoza mtu, na waliokuwa wakikojoa waliendelea, sasa wakiwa na kitu cha kusoma.

Kabla ya fundi huyu nilishaliwa hela. Sitaitaja kampuni. Walikuja na pikapiki ya miguu mitatu, tangi la maji na mashine ya kuoshea magari, wakaomba 150,000, wakafyatua maji kwa nguvu ya ajabu. Plasta ikaanza kumeguka vipande vya ukubwa wa chapati. Lakini rangi nyeusi ilikuwa imeshazama kwenye vitundu vya plasta, haikwenda na maji. Walipomaliza, palipokuwa na herufi pamebaki vivuli vya herufi, na katikati ya vivuli mashimo. Namba ilibaki, ukuta ukaondoka. Hela walishachukua nusu, nusu nyingine nikawakatalia, tukaagana vibaya.

Sasa fundi wangu. Alisema atafika kesho saa mbili asubuhi. Alifika keshokutwa saa tano, simu imezimwa muda wote huo. Hiyo ni robo ya nyota, iandikeni. Nilikuwa nimejiandaa kumsema, ila akanisalimia vizuri, "Shikamoo Mwalimu," akatua begi, hakugusa kitu. Alitembea ukuta mzima mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kama daktari anayepita wodini. Kisha akatoa pamba na kichupa cha spiriti.

Hapa ndipo aliponishinda moyo. Alichagua sehemu ndogo nyuma ya nguzo, ambapo hapaonekani, akasugua kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikatoka na krimu. "Unaona Mwalimu? Hii ni rangi ya maji. Ingekuwa ya mafuta, pamba ingetoka safi. Sasa nikileta tana ya kuyeyushia rangi hapa, itafuta ya mganga na itafuta ya kwako, halafu zote mbili zitachanganyika ziingie ndani ya plasta. Utapata doa kubwa kuliko mganga mwenyewe." Nilitamani nimpe alama pale pale. Miaka yote ile nikiwaambia watoto kwamba kiyeyushi hakichagui cha kuyeyusha kwa kumjua mwenyewe, leo nafundishwa nyumbani kwangu na mtu aliyeishia darasa la saba. Rangi ya kupuliza hukauka upesi kwa sababu viyeyushi vyake, asetoni na wenzake, vinaruka hewani. Ukiirudishia tana inalainika kweli, lakini na rangi iliyo chini yake inalainika hivyo hivyo.

Hukumu yake ikawa: ukutani hatufuti, tunaziba. Kwenye nguzo za geti hatuzibi, tunafuta.

Kuziba nako siyo kupaka tu juu, kama nilivyokuwa nikifanya mwenyewe. Nilikuwa napaka krimu juu ya chata Jumamosi, Jumatano chata inachungulia. Zile zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito ndizo mbaya kabisa, wino wake unapanda kwenye rangi ya maji mbichi kama chai inavyopanda kwenye mkate. Yeye kwanza alipiga msasa, akafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, akaacha pakauke, kisha kwenye maandishi peke yake akapaka praima ya mafuta, ile rangi ya kutangulia. Ikikauka, wino hauna njia. Ndipo rangi ya maji mikono miwili. Tangu Novemba hakuna kilichochungulia.

Jambo jingine dogo ambalo sikulijua. Ukipaka kiraka hata kwa rangi ya kopo lile lile, kiraka kitaonekana, kwa sababu ukuta mwingine umeshapigwa na jua. Yeye hapaki kiraka. Anapaka kuanzia nguzo hadi nguzo, kipande kizima, hata kama chata ni ya ukubwa wa kiganja. Jicho linaona kona ya nguzo, linadhani rangi ilipangwa hivyo.

Tuligombana mara moja, na nitaisimulia kwa sababu nilikuwa na haki. Yale mashimo ya mashine ya maji aliyaziba kwa plasta mpya vizuri sana. Baada ya siku tatu akataka kupaka rangi ya mafuta, ile ya mkanda wa chini nitakaousimulia. Nikamwambia haiwezekani. Saruji mbichi ina alkali, alkali ikikutana na mafuta inatengeneza sabuni. Si kwa mfano, ni sabuni kweli. Rangi inabaki inanatanata kisha inabanduka. Akasema amepaka nyumba mia na hajaona sabuni. Nikamwuliza hajawahi kuona rangi ya mafuta ikivuka kama ngozi ya nyoka kwenye plasta mpya? Akanyamaza, akakuna kidevu, akasema, "Ile ya Segerea." Tukasubiri siku 28. Katika siku hizo ukuta ulibaki na mabaka ya kijivu, na nashangaa kusema hakuna aliyeuandika. Labda walidhani nyumba inabomolewa.

Nguzo za geti ndizo zilizonikosesha usingizi. Marehemu mume wangu alizibandika mawe ya Tanga, yale mawe bapa ya rangi ya mchanga, na mtu alikuwa amechora chata ya bluu kwenye nguzo ya kushoto, kubwa, imeshuka hadi chini. Jirani alishauri asidi ya kusafishia vyoo. Jamani! Jiwe lile ni la chokaa. Ukilimwagia asidi litachemka mbele ya macho yako kama soda, na kinachotoka povu ni jiwe lenyewe. Naomba yeyote anayesoma hapa asijaribu, hata kwa kijiko.

Fundi alisema dawa ipo ila inataka uji. Yaani unga unaonyonya, uchanganywe na kiyeyushi hadi uwe mzito, ubandikwe juu ya doa, ufunikwe kwa nailoni usikauke haraka. Kiyeyushi kinaingia jiweni kinalegeza rangi, halafu ukifunua, unga unapokauka unavuta rangi nje badala ya kuiacha izame. Unga wake ulikuwa umekwisha. Akaniuliza kama nina chokaa ya unga. Nikamwambia, mwanangu, mimi nina chaki.

Maboksi sita. Nilipewa siku ya kuagwa, sijui walidhani nitaandika wapi. Tukaziweka kwenye kinu, nikatwanga mwenyewe kibarazani, nikachekecha kwa chujio la zamani la unga wa ugali. Yeye akavaa glavu, akachanganya na tana kwenye kopo la bati (la plastiki lingeyeyuka), akaupaka uji ule mweupe kwa mwiko wa plasta unene wa kidole, akafunika kwa nailoni, akabana kingo kwa utepe wa gundi. Asubuhi akafunua, akaacha jua lifanye kazi. Saa nane mchana ule uji ulikuwa umepasukapasuka kama tope la bwawa, na ndani yake, upande uliogusa jiwe, ulikuwa wa bluu. Aliubandua kwa kipande cha mbao, siyo chuma. Raundi ya kwanza bluu ilipungua nusu. Alirudia mara tatu. Leo ukijua ilipokuwa utaona wingu la bluu hafifu kwenye mfereji mmoja kati ya mawe mawili; usipojua hulioni. Mtoto wa dada yangu alikaa hapo wiki nzima hakuliona.

Nilimkanya kwa jambo moja. Siku ya pili nilimkuta anachanganya tana huku vijana wa bodaboda wawili wamekaa hatua tatu kutoka kwake wanavuta sigara. Mvuke wa tana hauonekani, unatambaa chini, unatafuta moto. Nilipiga kelele ya darasani, ile niliyodhani imenitoka. Sigara zikazimwa zote mbili. Barakoa aliyokuwa nayo pia ni ile ya kitambaa ya kuzuia vumbi, kwa mvuke haisaidii kitu. Anajua, anasema yenyewe inauzwa ghali. Nyingine robo ya nyota.

Nusu iliyobaki imepotelea sehemu mbili. Baada ya nguzo kusafika alinishauri tuzipake "dawa ya kinga", inayoangaza kama vanishi, ili chata ijayo ifutike kwa kitambaa. Alizipaka. Chata inafutika, nilijaribu kwa kalamu ya mjukuu. Lakini mawe yamekuwa meusi na yanang'aa, kila siku yanaonekana kama yamenyeshewa sasa hivi. Mume wangu asingezitambua nguzo zake. Hakunijaribishia kwenye jiwe moja kwanza, yeye mwenye pamba na spiriti!

Ya pili ni mkanda wa chini. Alishauri tupake rangi ya mafuta ya kijivu iliyokoza, kuanzia ardhini hadi mita moja na nusu, kwa sababu inateleza na inaoshwa, na chata ya kalamu juu yake inafutika kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo ukiiwahi. Wazo zuri, na kijivu kimependeza na krimu. Ila ukuta wangu, kama kuta nyingi za uzio hapa mjini, haukuwekewa kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Masika ilipokolea mwezi wa nne, maji yakapanda ndani ya tofali, yakataka kutoka, yakakuta mafuta yamefunga mlango. Malengelenge kuanzia kwenye udongo hadi magotini, ukilitoboa linatoa chumvi nyeupe. Alikuja bila kudai hela, akakwangua sentimita 40 za chini, akaziacha na rangi ya maji inayopumua. Sasa nina mikanda mitatu. Wapita njia wanadhani ni mtindo.

Hesabu, maana najua ndicho mnachosubiri. Ndoo moja ya rangi ya maji lita 20 ilikuwa 95,000. Magaloni mawili ya rangi ya mafuta 84,000. Praima 34,000. Saruji, msasa, tana, nailoni na vikorokoro 37,000. Ufundi 180,000. Jumla 430,000, chaki na kutwanga havimo. Dawa ya kinga ya nguzo alinipa iliyobaki kwenye kazi nyingine, na sasa naelewa kwa nini ilibaki.

Lakini sikuja kuandika haya yote kwa ajili ya rangi. Nilichokipenda hasa ni kile alichoniuzia mwishoni: uangalizi. Kwa 15,000 kwa mwezi, kikiandikwa chochote nampigia, na kabla ya giza la siku inayofuata kiwe hakipo. Anaacha makopo yaliyofungwa vizuri stoo kwangu, yana alama ya ukuta wangu. Nilimwona mjanja wa kutafuta mshahara. Akanieleza akiwa amekaa juu ya ndoo anakunywa chai. Nilikuwa nimemwuliza kwa nini ukuta wa jirani wa kulia, mchafu kuliko wangu, una tangazo moja tu. Akasema, "Mwalimu, aliyefungua daftari ni wewe." Akanionyesha kwa brashi palipokuwa na ile USIKOJOE HAPA. Ukuta mtupu mtu anaogopa kuuanza. Ukishakuwa na neno moja, wa pili anaona ruhusa imetolewa.

Nikamhadithia habari za treni za chini ya ardhi za New York, nilizisoma zamani nikabaki nazo. Miaka ya 70 mabehewa yao yalikuwa yamechorwa nje ndani, madirisha hayaoni. Walijaribu uzio na mbwa. Kilichokuja kufanya kazi ni kanuni iliyoanza mwaka 1984: behewa likishasafishwa, halitoki tena likiwa na mchoro, likichorwa linaondolewa njiani hadi lioshwe. Mchoraji anachotaka ni kuliona jina lake likipita mbele za watu. Lisipopita, amepoteza rangi na usingizi. Mei 1989 wakalitoa njiani behewa la mwisho lililochorwa. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hata wa majitaka ni hivyo hivyo. Kijana analipwa kwa ukuta unaosomeka."

Nilithibitisha. Nilipiga namba ya majitaka. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya usingizi, nikamwambia natafuta huduma, akachangamka. Nikamwambia huduma ninayoitaka ni ukuta wangu. Kimya. Kisha, "Samahani sana mama, wanaandika vijana, mimi nawalipa kwa idadi." Akaniuliza ni ukuta upi, nikamtajia kona, akasema atawaambia. Hawajarudi. Mganga nilimpigia pia, hakupokea. Labda aliona ni mimi.

Tangu Desemba nimemwita fundi mara tano. Mwezi wa kwanza mara tatu, chata ile ile ya kujikunja, nadhani ni kijana mmoja mwenye moyo mgumu. Februari mara moja. Kisha kimya hadi wiki tatu zilizopita, mkopo wa kadi ya gari, akaja saa kumi na moja jioni akaufuta kabla wa daladala za kurudi kazini hawajausoma. Aliwahi mara nne kati ya tano. Ile ya kukosa alikuwa msibani Morogoro, akampeleka mdogo wake, ambaye alipaka kiraka. Nilimrudisha akamalize hadi kwenye nguzo.

Najua kuna atakayeuliza kama anafuta na ile X nyekundu inayowekwa kwenye nyumba za kubomolewa kupisha barabara. Jirani yangu wa nyuma alimwomba hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, jioni. Alikataa. "Hiyo hata nikiifuta, mzee, tingatinga lina kumbukumbu."

Taa ya sola aliyoniambia niweke juu ya geti nimeweka, na bogenvilia nimepanda mguuni mwa ukuta upande wa shimo, miiba yake inatosha kumfanya mtu mwenye kopo la rangi afikirie mara mbili. Itachukua mwaka kupanda. Mbuzi wa mama wa genge wameshaila mara moja.

Namba yake siwezi kuiweka hapa bila ruhusa yake. Ya ukutani kwangu aliiziba yeye mwenyewe siku ya kwanza, kabla ya nyingine zote, nilisimama nikamwangalia hadi praima ikakauka. Lakini nikikaa kibarazani na chai yangu asubuhi, ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa gereji, naisoma bila miwani: FUNDI RANGI NA KUFUTA MAANDISHI. Tarakimu ya mwisho imeanza kupauka. Mwenye shida aje aisome mapema, maana mwenye gereji ameniuliza juzi namba ya mtu anayefuta maandishi, na nimemwambia ageuke nyuma.